Kuhama, Kuhamia na Kuhamishwa: Suala la Makazi katika Maandishi ya Waandishi Watatu wa Ukerewe

Ikisiri

Makala hii inachunguza suala la kuchagua mahali pa kuishi katika maandishi ya waandishi watatu wa Ukerewe: Aniceti Kitereza, Euphrase Kezilahabi na Gabriel Ruhumbika. Wa kwanza alifia kisiwani. Wawili waliofuata walikwenda kufanya kazi ng'ambo, mmoja Botswana na mwingine Marekani. Hoja kuu ni kwamba uhakiki wetu umezoea kulitazama suala hili kwa jicho la kitenzi hama, yaani kuondoka, na la nomino uhamishoni, yaani kuondoshwa. Matini zenyewe, kwa upande wake, zinajishughulisha zaidi na hamia, yaani kufika mahali, kupokewa na kuishi kwa masharti ya mwenyeji. Makala inatumia tofauti hizo za kisarufi kama nyenzo ya uhakiki, na inapendekeza kwamba dhana ya fasihi ya ughaibuni isitumike kabla ya kuuliza nani alimpokea mwandishi, kwa masharti gani, na kazi yake ilipata makazi katika lugha ipi.

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha Ukerewe, kilicho kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Viktoria, kimeipatia fasihi ya Tanzania waandishi watatu ambao ni vigumu kuandika historia ya riwaya ya Kiswahili bila kuwataja. Aniceti Kitereza (1896–1981) aliandika kwa Kikerewe simulizi ndefu ya Myombekere na Bugonoka na kuimaliza mwaka 1945. Tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Namagondo, aliandika Rosa Mistika (1971), Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Gamba la Nyoka (1979), Nagona (1990) na Mzingile (1991), pamoja na diwani tatu za ushairi. Gabriel Ruhumbika alianza kwa riwaya ya Kiingereza, Village in Uhuru (1969), kisha akaingia katika Kiswahili kwa hadithi za Uwike Usiwike Kutakucha (1978) na riwaya za Miradi Bubu ya Wazalendo (1992) na Janga Sugu la Wazawa (2002).

Waandishi hawa wamekwisha kuhakikiwa sana, lakini kila mmoja kwa njia yake. Kitereza amesomwa kama mtunzaji wa mila. Kezilahabi amesomwa zaidi kwa mkabala wa udhanaishi, na Ruhumbika kama mkosoaji wa siasa za baada ya uhuru. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni lile linalowaunganisha: wote watatu wanauliza mtu aishi wapi, na nani ana haki ya kulijibu swali hilo. Zaidi ya hayo, maisha yao yanatoa majibu matatu tofauti. Kitereza alivuka ziwa kwenda kusoma katika seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, kisha akarudi Ukerewe na kufia huko. Kezilahabi, baada ya miaka mingi ya kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, mjini Gaborone, katikati ya miaka ya 1990. Ruhumbika, aliyepata kufundisha pia Dar es Salaam, aliishia kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Georgia, mjini Athens, Marekani.

Suala hili si la kihistoria tu. Kiswahili kinafundishwa leo katika vyuo vingi vya Ulaya, Asia, Amerika na kusini mwa Afrika, na baadhi ya wanafunzi wetu wa uzamili watapata ajira huko. Namna tunavyowasoma waandishi waliotangulia kuondoka itaamua pia namna tutakavyozisoma kazi za hao wanaoondoka sasa: kama sehemu ya fasihi yetu, au kama tawi lililokatwa kwenye shina.

2.0 Sarufi ya Makazi

Kabla ya kuziendea matini, inafaa kuchunguza nyenzo ambazo Kiswahili chenyewe kinatupatia. Tuzingatie sentensi zifuatazo:

(1) a. Mwalimu amehama Mwanza.
b. Mwalimu amehamia Mwanza.
c. Mwalimu amehamishwa Mwanza.
d. Mwalimu amehamishiwa Mwanza.

Katika (1a) Mwanza ni mahali palipoachwa. Katika (1b), kiambishi cha kutendea -i- kinaugeuza mji huohuo kuwa mahali palipofikiwa. Sentensi ya (1c) na ya (1d) zinarudia tofauti hiyo ya mwelekeo, ila sasa mwalimu si mwenye uamuzi: kiambishi cha kutendesha -ish- kinaingiza mamlaka nyingine, na kiambishi cha kutendwa -w- kinaificha. Kwa hiyo mzizi mmoja, -ham-, unabeba maswali mawili ambayo ni ya msingi kwa yeyote anayebadili makazi. La kwanza ni la mwelekeo: je, tunatazama alikotoka au anakokwenda? La pili ni la uwezo: je, ameamua au ameamuliwa?

Nomino zinazotokana na mzizi huu zimegawana maana kwa utaratibu uleule. Uhamaji ni hali ya kuhama, na wahamaji kwa kawaida ni wale wasiotulia mahali pamoja, kama wafugaji wanaofuata malisho. Uhamiaji umechukuliwa na dola: Idara ya Uhamiaji ndiyo inayosimamia nani aingie na nani akae. Uhamisho ni neno la utumishi, ambalo mwalimu na mganga wa wilaya wanalifahamu kupitia barua. Uhamishoni ni mahali pa mtu aliyeondoshwa kwa sababu za kisiasa. Ni muhimu kuona kwamba uhamishoni lina kiambishi cha kutendesha ndani yake. Mhakiki anayesema kwamba mwandishi fulani aliandika akiwa uhamishoni amekwisha kudai, atake asitake, kwamba kuna aliyemwondosha. Dai hilo linahitaji ushahidi; haitoshi kuonyesha kwamba mwandishi aliishi nje ya nchi.

Maneno mengine matatu yanahitaji kuangaliwa. Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Kwa wasomaji wengi leo neno hili lina maana ya Ulaya au Amerika, lakini kwa mtu wa ziwani maana ya awali ingali hai. Kwa Mkerewe, Mwanza ni ng'ambo. Bukoba ni ng'ambo. Kisumu na Port Bell, ambako meli za Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki zilikuwa zikifika kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, ni ng'ambo pia. Mpaka wa nchi tatu unapita majini na hauonekani kwa macho. Hivyo basi, katika mazingira haya safari ya kutafuta kazi nje ya nchi haikuanza kama jambo la aina tofauti na safari ya kwenda mjini. Ilikuwa ni kuvuka maji kwa mara nyingine.

Neno la pili ni lowea, yaani kuhamia mahali na kukaa huko hata mtu akawa kama mwenyeji. Kwa maana hiyo, lowea lingekuwa kitenzi kinachofaa kabisa kwa anayefanikiwa kuishi ugenini. Hata hivyo, nomino yake, mlowezi, imefungamanishwa na historia ya wazungu waliochukua ardhi, hasa Kenya, kiasi kwamba ni vigumu kumwita Mtanzania wa Athens au Gaborone mlowezi bila kuonekana unamtukana. Kiswahili kina neno la mtu aliyehamia akatulia, lakini historia imelitwaa.

La tatu ni ughaibuni, ambalo ndilo lililoshika nafasi ya istilahi katika uhakiki wa sasa, sambamba na neno diaspora. Shina lake ni ghaibu, hali ya kutokuwapo mbele ya macho. Neno hili linamtaja mtu kwa kutumia macho ya waliobaki: yeye ni yule asiyeonekana kwetu. Huko aliko anaonekana vizuri, ana jirani, ana mwenye nyumba, ana mwajiri. Lakini hayo yote hayamo katika neno. Kwa upande mwingine, ghaibu lina matumizi ya pili ambayo wahakiki hawajayazingatia. Kusoma kwa ghaibu ni kusoma kwa moyo, bila kutazama kitabu. Neno linalotaja kutokuwapo ndilo linalotaja pia kuhifadhi kifuani. Tutalirudia jambo hili katika sehemu ya 5.0.

3.0 Kitereza: Makazi kama Mapatano

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni simulizi inayoanza na mgogoro wa makazi. Bugonoka hajapata mtoto. Ndugu za mumewe wanamsimanga na kumtaka mume aoe mwingine. Wazazi wake wanakuja kumchukua na kumrudisha kwao. Myombekere, ambaye anampenda mkewe, analazimika kumfuata ukweni, kuomba, na hatimaye kutoa pombe ya ndizi anayotozwa na baba mkwe kabla hajaruhusiwa kurudi naye. Sehemu kubwa ya kitabu cha kwanza inatumika katika kwenda na kurudi huku.

Wahakiki wengi wameziona kurasa hizo kama hifadhi ya mila: namna ya kusalimia, namna ya kumkalisha mgeni, chakula kipi kinaandaliwa na nani anakigusa kwanza, namna ya kusindikiza. Usomaji huo si wa makosa, lakini unaziacha kurasa hizo nje ya msuko, kana kwamba simulizi inasimama kila mara mwandishi anapotaka kueleza desturi. Tukisoma kwa kuzingatia kitenzi hamia, hali inabadilika. Swali linaloendesha msuko ni hili: Bugonoka ataishi wapi? Jibu halipo katika moyo wa Bugonoka wala wa Myombekere pekee. Linapatikana kwa salamu, kwa mlo, kwa kazi na kwa pombe. Kila desturi inayoelezwa ni hatua ya mapatano kati ya anayetaka kukaa na yule mwenye mahali. Kwa hiyo desturi hizo ndizo zinazousukuma msuko mbele.

Aidha, Kitereza anatuonyesha kwamba katika jamii anayoisimulia mhamiaji wa kwanza ni mwanamke. Kuolewa ni kuhamia. Bugonoka amekwisha kuhamia mara moja, kwa mume; masimango ya mawifi na wakwe ni ishara kwamba mapokezi yake hayajakamilika, kwa sababu katika jamii hiyo mtoto ndiye anayemthibitisha mke kuwa mwenyeji. Anaporudishwa kwa wazazi, yeye si mwenyeji kamili huko pia, kwa kuwa ni binti aliyekwisha kuozwa. Kabla fasihi ya Kiswahili haijamjua mhamiaji wa kimataifa, ilikwisha kumjua mtu aliye mgeni katika nyumba mbili.

Tukiitazama historia ya kitabu chenyewe, tunaona mfano wa kuhama wa aina nyingine. Kitereza alibaki kisiwani, lakini matini yake haikuweza kubaki. Mswada wa Kikerewe haukupata mchapishaji kwa miongo kadhaa. Ili uchapishwe, mwandishi alilazimika kuuhamishia katika Kiswahili. Ilikuwa ni miaka 35 tangu kukamilika kwa mswada hadi kutoka kwa kitabu. Anayedhani kwamba mwandishi asiyeondoka hakabiliwi na suala la ugeni hajazingatia gharama hiyo. Kitereza aliishi nyumbani, ila kazi yake iliishi katika lugha aliyojifunza.

4.0 Kezilahabi: Taasisi kama Mwenyeji

Katika Kitereza mwenyeji ana jina, ana sura na anaweza kuombwa. Katika riwaya za awali za Kezilahabi mwenyeji ni taasisi. Rosa, katika Rosa Mistika, anatoka Namagondo kwenda shule ya wasichana Mwanza, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro. Uhakiki uliozoeleka unaisoma safari hii kama safari ya kuporomoka: binti aliyefungiwa mno na baba anafika mahali penye uhuru na kuharibika. Usomaji huu una mizizi katika mkondo mpana wa uhakiki ambao umeuona mji kama mahali pa upotovu na mwanamke wa mjini kama alama ya upotovu huo, F.E.M.K. Senkoro alikwisha kuichunguza sura ya kahaba katika fasihi ya Kiafrika mwaka 1982 na kuonyesha jinsi inavyobeba maana za kijamii na kiuchumi kuliko za kimaadili tu.

Usomaji wa kuporomoka unaitazama safari ya Rosa kwa kitenzi hama: alipoiacha nyumba ya baba ndipo alipopotea. Lakini ni nani aliyempokea alikofika? Bweni lina kanuni za kufunga na kufungua milango, ila halina mtu anayemhesabu Rosa kuwa wake. Wanaume wanaomkaribia nao si wenyeji. Wanampokea kwa saa chache. Hata Charles, mchumba anayekuwa tumaini lake la mwisho, anamkataa kwa sababu ya yale yaliyopita. Zakaria, baba yake, kwa upande wake, ana nyumba lakini hana mapokezi. Maafa ya Rosa, kwa hiyo, hayatokani na kuvuka maji kwenda Mwanza. Yanatokana na kutokuwapo kwa mahali popote, kisiwani au ng'ambo, panapompokea kwa masharti ambayo binadamu anaweza kuyatimiza.

Katika Dunia Uwanja wa Fujo suala linaletwa kwa njia iliyo wazi zaidi. Tumaini anatoka Ukerewe na kuhamia Shinyanga, anapopata shamba kubwa na utajiri. Huyu ni mhamiaji kwa maana kamili ya (1b): amechagua, amefika, amejenga. Lakini masharti ya makazi yake yanabadilishwa na siasa ya Ujamaa, na Tumaini, asiyekubali kunyang'anywa, anamuua mkuu wa wilaya na kuhukumiwa kunyongwa. Mjadala wa wahakiki umejikita katika msimamo wa mwandishi kuhusu Ujamaa: je, anamtetea bepari au anamshutumu? Swali hilo ni halali, ila linapita juu ya jambo lingine. Tumaini anaamini kwamba jasho na hati vinatosha kumfanya mtu kuwa mwenyeji. Hajajenga mapatano na yeyote. Hana mtu wa kumwendea na pombe ya ndizi. Dola inapobadili masharti, njia pekee anayoiona ni bunduki.

Gamba la Nyoka inakamilisha mfuatano huu kwa kuingia katika eneo la (1c) na (1d). Riwaya hiyo inasimulia mageuzi ya vijiji vya Kisole na Bucho, na msingi wake wa kihistoria ni uhamishaji wa watu katika vijiji vya ujamaa, ambao Rais Nyerere aliufanya kuwa amri mwezi Novemba 1973 akitaka ukamilike mwishoni mwa 1976. Hapa swali la kuchagua mahali pa kuishi limeondolewa mikononi mwa watu. Wanahamishwa, na wasomi vijana waliotoka chuo kikuu wanatumwa kuwaeleza kwa nini imekuwa heri kuhamishwa. Kejeli ya Kezilahabi inaelekezwa kwa pande zote, wakiwamo hao wasomi wenyewe, ambao lugha yao ya ukombozi haina neno kwa mtu anayetaka tu kubaki alipo.

Hivyo basi, tukizipanga riwaya hizi tatu kwa tarehe, 1971, 1975 na 1979, tunapata mfuatano wa kisarufi: mtu anayehama bila kuhamia popote, mtu anayehamia bila mwenyeji, na watu wanaohamishwa. Sidai kwamba mwandishi alikusudia mfuatano huo. Ninachodai ni kwamba mkabala wa mji na kijiji peke yake hauwezi kuuona.

5.0 Gaborone na Athens: Kuandika kwa Ghaibu

Tunapofika kwa Kezilahabi wa Gaborone na Ruhumbika wa Athens, kuna hatari mbili za kuepuka.

Hatari ya kwanza ni kuyasoma maandishi kwa wasifu. Nagona na Mzingile ni kazi ambazo msafiri wake anatangatanga katika mandhari yasiyo na wilaya wala mkoa. Hazina Ukerewe, hazina Mwanza. Ni rahisi kwa msomaji wa leo, anayejua kwamba mwandishi alikufa baada ya kuishi Botswana kwa muda mrefu, kuziona kama kazi za mtu aliyepoteza nyumbani. Tarehe zinakanusha. Kazi hizo zilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1990 na 1991, kabla mwandishi hajahamia Gaborone. Ni kweli kwamba alikwisha kuishi Marekani, alikopata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison mwaka 1985. Lakini mwanafunzi ana tarehe ya kurudi, na Kezilahabi alirudi. Kwa hiyo, kazi yake isiyo na mahali kabisa iliandikwa na mtu aliyekuwa nyumbani. Kutokuwa na mahali katika Nagona ni uamuzi wa kifalsafa na wa kimtindo, na haufai kugeuzwa kuwa dalili ya ugenini.

Kinyume chake pia kina mafunzo. Dhifa, diwani ya tatu ya Kezilahabi, ilitoka mwaka 2008 wakati mwandishi akiwa Gaborone, na ilichapishwa Nairobi. Tukitaka kuiita kazi ya ughaibuni, ni lazima tuulize: iko ughaibuni kwa nani? Mshairi alikuwa Botswana, mchapishaji Kenya, na wasomaji wake wengi Tanzania na Kenya. Diwani hiyo iliingia moja kwa moja katika mjadala wa ushairi huru ulioanza na Kichomi mwaka 1974. Mwandishi alibadili makazi. Kazi yake haikubadili makazi, kwa sababu ilibaki katika lugha ileile na mbele ya wasomaji walewale. Kezilahabi alifanya kinyume cha Kitereza: mwili ulihama na matini ikabaki.

Hatari ya pili ni kumwona aliyeondoka kama aliyepungukiwa. Mfano wa Ruhumbika unatosha kulipinga wazo hilo. Mwaka 2002 ulishuhudia kazi zake mbili. Ya kwanza ni Janga Sugu la Wazawa, riwaya ya Kiswahili iliyojikita katika jamii ya Ukerewe na imani zake za uchawi, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa akifundisha Marekani. Ya pili ni tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha Kitereza, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Umuhimu wa tafsiri hii ni kwamba Ruhumbika alitafsiri kutoka Kikerewe. Tafsiri ya Kijerumani ya Wilhelm Möhlig, iliyotoka katika majuzuu mawili mwaka 1991 na 1993, ilipitia Kiswahili. Ruhumbika aliurudia mswada katika lugha yake ya kwanza. Kazi hiyo ilimhitaji mtu mwenye Kikerewe kifuani, na aliyepatikana alikuwa yule anayeishi mbali zaidi.

Hapa ndipo maana ya pili ya ghaibu inapotusaidia. Kuandika kwa ghaibu ni kuandika bila kitu kuwapo mbele ya macho, kwa kutegemea kilichohifadhiwa moyoni. Hilo lina faida na hasara, kama kila asomaye kwa moyo anavyojua: kilichohifadhiwa kinakuwa imara, lakini hakisahihishwi na mabadiliko ya kitabu. Msomaji wa Janga Sugu la Wazawa ana haki ya kuuliza ni Ukerewe ya lini inayosimuliwa. Swali hilo ni la kihakiki, kwa kuwa linahusu matini. Kuuliza kama mwandishi bado ana haki ya kuisimulia Ukerewe ni jambo jingine kabisa, na halitatuliwi na uhakiki.

6.0 Pingamizi Mbili

Inaweza kudaiwa kwamba viambishi vya kitenzi ni msingi mwembamba wa kujengea uhakiki: mwandishi hachagui kati ya hama na hamia kwa sababu za kifalsafa, bali kwa sababu lugha inamtaka. Ni kweli. Lakini sikusudii kuhesabu vitenzi katika riwaya. Ninatumia tofauti ambazo lugha imekwisha kuziweka kama ramani ya maswali. Iwapo sarufi yetu inatenganisha kuondoka, kufikia na kuondoshwa, uhakiki unaoyachanganya yote matatu chini ya neno moja una dhana chache kuliko lugha unayoichambua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Inaweza kusemwa kwamba kuisifu kazi ya waliokwenda ng'ambo ni kufumbia macho hasara ya vyuo walivyoviacha. Mwalimu wa kiwango cha Kezilahabi anapoondoka, wanafunzi wa vizazi kadhaa wanakosa kukaa naye darasani. Hakuna diwani inayofidia hilo. Ninalikubali pingamizi hili, na ninaona kwamba linaitia nguvu hoja ya makala. Hasara hiyo ni ya mapokezi. Mshahara, nyumba, muda wa kuandika na uhuru wa kusema ni masharti ambayo chuo, kama mwenyeji, kinampa mtu wake au kinamnyima. Anayelaumu kuhama peke yake anamwekea mwandishi mzigo wote, na taasisi inabaki bila kuulizwa swali.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba waandishi watatu wa Ukerewe wanaunganishwa na swali la makazi, na kwamba swali hilo linaonekana vizuri zaidi tukifuata tofauti ambazo Kiswahili chenyewe kinaziweka kati ya hama, hamia na hamishwa. Kitereza anayaona makazi kama mapatano kati ya watu wanaojuana. Riwaya za Kezilahabi za miaka ya 1970 zinaonyesha kinachotokea mwenyeji anapogeuka kuwa taasisi isiyoweza kuombwa. Maisha ya Kezilahabi na Ruhumbika baada ya hapo, pamoja na vitabu walivyovitoa wakiwa Gaborone na Athens, vinatuonyesha kwamba mwandishi na matini yake si lazima wakae mahali pamoja.

Kutokana na hayo, napendekeza mambo mawili. Kwanza, istilahi uhamishoni itumike tu pale ambapo aliyemwondosha mwandishi anaweza kutajwa. Pili, mihtasari ya kozi zetu isiziweke kazi za waandishi wanaoishi nje katika sehemu yake ya pekee kwa sababu ya anwani ya mwandishi. Zisomwe pamoja na kazi zinazojadiliana nazo: Dhifa pamoja na Kichomi, na Janga Sugu la Wazawa pamoja na kitabu cha Kitereza. Utafiti zaidi unahitajika juu ya waandishi wa pwani waliofanya kazi Ulaya na Asia, akiwamo Said Ahmed Mohamed, ambaye sehemu ya uandishi wake ilifanyika akifundisha Japani na Ujerumani, ili kubaini kama mfuatano uliojitokeza ziwani unajitokeza pia baharini.